Kalenda ya Shamba, Kalenda ya Afya: Kumhudumia Mkulima Mwili na Akili

Waswahili husema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Methali hiyo hutumiwa kumsifu mkulima, lakini ndani yake mna hesabu nyingine isiyosemwa sana: mmoja huyo akiugua, wengi hukaa na njaa. Nchini Tanzania kilimo ndicho kinachowapatia riziki watu wengi kuliko kazi nyingine yoyote, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na familia zenye mashamba madogo, kwa jembe la mkono. Shirika la Kazi Duniani (ILO) linakihesabu kilimo miongoni mwa sekta tatu zenye hatari kubwa zaidi kwa wafanyakazi, pamoja na ujenzi na uchimbaji wa madini. Hata hivyo, mkulima mdogo hana msimamizi wa usalama kazini. Mtu wa kwanza, na mara nyingi wa pekee, anayeweza kumuuliza juu ya madhara ya kazi yake ni mhudumu wa zahanati.

Swali hilo aghalabu haliulizwi. Neno “mkulima” likishaandikwa kwenye faili la mgonjwa, mazungumzo juu ya kazi huishia hapo, kana kwamba kulima ni kazi moja ifanywayo kwa namna moja mwaka mzima. Sivyo. Anayelima mpunga Kilombero, anayepuliza salfa kwenye mikorosho Newala na anayechuma tumbaku Urambo wanakabiliwa na hatari tofauti, na kila mmoja wao ana hatari za mwezi huu zisizo za mwezi ujao. Zaidi ya hayo, kila hatua ya shamba huja na mzigo wake wa mawazo pamoja na mzigo wake wa mwili, na mizigo hiyo miwili haitenganishiki. Mhudumu anayeijua kalenda ya shamba ya eneo lake anaweza kuyatazamia maradhi kabla hayajabisha hodi.

Miezi ya jembe

Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida, Tabora, Lindi na Mtwara, kazi nzito huanza mvua za Novemba na Desemba zinapokaribia. Miezi inayofuata ni ya palizi, na ndiyo pia miezi ambayo akiba ya chakula cha mwaka uliopita hukaribia kwisha. Mwili hutakiwa kufanya kazi nyingi zaidi wakati uleule unapopata chakula kidogo zaidi, nayo malaria hushamiri kwa sababu ya maji yaliyotuama. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha huumia zaidi, kwani palizi mara nyingi humwangukia yeye, na akirudi nyumbani kuni, maji na jiko humngoja.

Maumivu ya kiuno, mgongo na magoti ndiyo malalamiko ya kawaida ya kipindi hiki. Wengi huyatuliza kwa vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa dukani siku baada ya siku, bila kujua kwamba baadhi ya vidonge hivyo, kama diklofenaki, vikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa kwa mtu anayetoka jasho jingi na kunywa maji machache. Mpini mrefu zaidi, mapumziko mafupi kivulini, maji ya kunywa yanayobebwa shambani, na kukunja magoti badala ya kuinamisha mgongo wakati wa kuinua mzigo husaidia kuliko inavyodhaniwa. Lakini maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi miguuni, kushindwa kuzuia mkojo, homa au kukonda yanahitaji rufaa ya haraka.

Nyasi zinaporefuka, nyoka nao huwa karibu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza sumu ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, na mkulima anayepalilia peku ni miongoni mwa walio hatarini zaidi. Aliyeumwa hapaswi kuchanjwa, kunyonywa jeraha wala kufungwa kamba ya kukaza. Anapaswa kutulizwa, kuvuliwa pete na bangili, kiungo kilichoumwa kifungwe banzi ili kisitikisike, na apelekwe hospitali bila kupoteza muda.

Katika mabonde ya mpunga kuna kichocho, kinachoingia kupitia ngozi ya miguu iliyozama majini, na kuna ugonjwa ambao hata jina lake limetoka shambani. Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Wagonjwa 20 waliripotiwa na 3 kati yao walifariki. Uchunguzi ulibaini kuwa ni leptospirosisi, maambukizi ya bakteria yanayotokana na mkojo wa wanyama, wakiwamo panya. Tanzania iliuita ugonjwa huo homa ya mgunda, na mgunda, katika lugha kadhaa za Kibantu, ni shamba. Ugonjwa huo hutibika kwa antibayotiki zinazojulikana, iwapo tu mtu ameufikiria. Homa ya mkulima ambaye kipimo chake cha malaria hakikuonyesha kitu inastahili swali moja zaidi: amekuwa akifanya kazi kwenye maji au matope gani?

Wakati mwili ukiwa katika hali hiyo, macho ya mkulima huwa angani. Mvua ikichelewa, mbegu iliyonunuliwa kwa mkopo huozea ardhini. Ikizidi, hubebwa na maji. Hakuna kazi nyingine ya kawaida ambayo mtu huweka akiba yake yote mahali pasipo paa. Wasiwasi wa miezi hii ni itikio la kawaida la binadamu anayebeba jambo asiloweza kulitawala, lakini usipopata wa kuusikiliza hugeuka kuwa kukosa usingizi, hasira za haraka na kuvunjika moyo.

Miezi ya bomba

Mimea ikishaota, huja zamu ya kupulizia. Katika lugha ya kila siku viuatilifu huitwa dawa: dawa ya wadudu, dawa ya magugu, dawa ya ukungu. Neno hilohilo ndilo litumikalo kwa vidonge vya zahanati, na huenda limechangia kuifanya chupa ya sumu izoeleke ndani ya nyumba kama chupa ya mafuta.

Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti na kabameti huzuia kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ishara za neva zikishatumika. Kimeng'enya hicho kinapozuiwa, ishara hazizimiki. Mtu hutokwa mate, machozi na jasho jingi, mboni za macho husinyaa, hutapika, huharisha, misuli hutetemeka, na katika hali mbaya pumzi hushindwa. Huo ni wakati wa dharura, wa kutumia atropini na kusaidia upumuaji, na mgonjwa huvuliwa nguo na kuoshwa kwa sabuni na maji ili sumu isiendelee kupenya kwenye ngozi. Anayemhudumia avae glavu.

Sumu kidogo, inayorudiwa wiki baada ya wiki, ni vigumu zaidi kuitambua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, yaani dalili zilezile ambazo kwa kawaida husababisha mgonjwa apimwe malaria au homa ya matumbo na kurudishwa nyumbani. Hapo ndipo mwili na akili vinapokutana. Utafiti mkubwa wa afya ya wakulima ulioanza mwaka 1993 katika majimbo ya Iowa na North Carolina nchini Marekani umeonyesha kuwa wapuliziaji waliowahi kugunduliwa kuwa na sumu ya viuatilifu walikuwa na sonona mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Uhusiano si lazima uwe sababu. Hata hivyo unatosha kumfanya mhudumu amuulize mkulima aliyenyong'onyea ni lini alipulizia mara ya mwisho.

Kusini mwa Tanzania, kuanzia karibu mwezi Juni, mikorosho hupulizwa salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga. Salfa haina ukali wa oganofosfeti, lakini vumbi lake huchoma macho, huwasha ngozi na kuamsha pumu. Barakoa, miwani, mikono mirefu na kumweka mtoto mbali na shamba siku hiyo ni kinga zisizohitaji utaalamu.

Kwa viuatilifu vyote, kanuni za msingi ni chache. Mkulima anunue bidhaa zilizosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), zikiwa katika vifungashio vyake vya asili. Asome rangi iliyo chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali kupita zote, ikifuatiwa na njano, bluu, kisha kijani. Asizibue tundu la bomba kwa kupuliza kwa mdomo. Asile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa. Apulizie upepo ukiichukua sumu mbali naye. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na kopo lililokwisha litobolewe, lisigeuzwe chombo cha maji.

Mavuno na ghala

Mavuno huleta furaha, lakini hayaleti usalama kamili. Tumbaku mbichi yenye umande hupenyeza nikotini kupitia ngozi ya mchumaji. Kizunguzungu, kutapika na udhaifu unaompata jioni huweza kudhaniwa kuwa uchovu au mimba changa. Kuchuma majani yakishakauka umande, kuvaa kinga ya mikono na kubadili nguo zilizolowa hupunguza madhara hayo.

Mahindi na karanga nazo zikivunwa na kuhifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu watoao sumukuvu. Mwaka 2016, katika maeneo ya mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kutokana na sumu hiyo na 20 kati yao wakafa. Manjano ya macho, tumbo kujaa na kutapika katika watu kadhaa wa kaya moja baada ya mavuno ni ishara ya kuripotiwa mara moja. Kupika hakuiondoi sumu hii. Kinga yake ni kukausha juu ya turubai au kichanja badala ya udongo mtupu, kuchambua punje zilizovunjika na zenye ukungu, na kuhifadhi mahali pakavu. Punje mbovu zisipelekwe kwenye pombe wala kwa kuku.

Siku ya mizani

Mwisho wa kalenda ni mauzo, na hapa maradhi ya mwili hupungua huku ya akili yakiongezeka. Mkulima huuza mara moja kwa mwaka, kwa bei isiyopangwa naye, na fedha hiyo hulipa ada za shule, deni la pembejeo na msiba wa mwaka mzima. Mwenye shida kubwa hulazimika kuuza mapema. Mkoani Kagera kuuza kahawa ingali maua mtini huitwa butura. Kusini, ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, kwa vipimo vinavyompunja mkulima, huitwa kangomba. Serikali imekuwa ikipambana na mambo hayo mawili kama makosa ya biashara. Kwa mhudumu wa afya ni dalili pia, kwa maana familia iliyouza mavuno kabla ya kuvuna inaelekea kwenye miezi ya njaa ikiwa na deni.

Kwa wengine, fedha zinazoingia kwa mkupuo huja na pombe, ugomvi wa matumizi na kipigo ndani ya nyumba. Mwanamke aliyepalilia kuanzia mwanzo hadi mwisho anaweza kukosa neno katika matumizi ya alichokipalilia. Kwa hiyo majeraha ya msimu huu yanahitaji kuulizwa kwa faragha, mbali na aliyemsindikiza mgonjwa.

Mawazo yasemwayo kwa mwili

Ni nadra kwa mkulima kuingia zahanati akasema ana sonona. Husema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mwili unawaka moto, usingizi haupatikani, au husema kwa kifupi, “nina mawazo.” Neno hilo lisipite hivihivi. Nchini Zimbabwe neno la Kishona kufungisisa, lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, ndilo lililochukuliwa kuwa mlango wa tiba. Huko, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango ambao wanawake wazee, wahudumu wa afya wa jamii, huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kituo na kumsaidia kulitaja tatizo moja, kulichambua na kulitafutia hatua ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliosaidiwa hivyo walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma za kawaida. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko Dodoma, mbali na vijiji vingi, lakini benchi linaweza kuwekwa popote.

Maswali mawili yanatosha kuanzia. Katika wiki 2 zilizopita, je, mgonjwa amekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na je, amejisikia mnyonge, mwenye huzuni au aliyekata tamaa? Jibu la ndiyo kwa siku nyingi hudai uchunguzi zaidi, pamoja na swali la moja kwa moja kama amewahi kufikiria kujidhuru. Wapo wanaohofu kwamba kuuliza kutampandikizia mtu wazo hilo. Mwongozo wa WHO unaeleza kinyume chake: kuuliza hakuchochei, bali mara nyingi humpunguzia mtu mzigo wa kubeba siri peke yake.

Sumu iliyo karibu

Swali hilo lina uzito wa pekee mashambani. WHO limekadiria kuwa takribani kifo kimoja kati ya kila vitano vya kujiua duniani hutokana na viuatilifu. Mara nyingi si kwa sababu mtu alipanga kwa muda mrefu. Ni kwa sababu saa ya uchungu mkali ilikuta sumu kali iko karibu. Saa hiyo hupita. Wengi wanaoivuka na kupata msaada huendelea kuishi.

Sri Lanka imethibitisha hilo kwa kiwango cha taifa. Baada ya kuondoa sokoni, hatua kwa hatua, viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, kiwango cha watu kujiua kilipungua kwa zaidi ya asilimia 70 kati ya miaka ya kati ya 1990 na 2015, na inakadiriwa kuwa maisha ya watu 93,000 yaliokolewa, bila mavuno kuporomoka. Huko huko, jaribio kubwa la kugawa makasha ya kufungia viuatilifu majumbani halikuleta upungufu ulioonekana. Funzo lake ni kwamba kufuli peke yake halitoshi. Sumu kali kupita kiasi isiwepo. Hata hivyo, familia yenye mtu aliyekata tamaa isingojee sheria. Viuatilifu viondolewe nyumbani na vihifadhiwe kwingine mpaka hali itulie, mtu huyo asiachwe peke yake, na afikishwe kwenye kituo cha afya.

Kinachozuia wengi ni hofu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, ilhali nchini Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu cha namna hiyo ni kinyume cha katiba. Familia huogopa polisi na aibu, nazo huficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mgonjwa anayefikishwa kituoni ni mgonjwa; wajibu wa mhudumu ni kumtibu, kumsitiri na kumpangia siku ya kurudi.

Kalenda ukutani

Hayo yote yanaweza kuanza kwa karatasi moja. Wahudumu wa zahanati, wakishirikiana na afisa ugani na viongozi wa chama cha msingi cha ushirika, wanaweza kuandika miezi 12 ya mazao ya kijiji chao na kando ya kila mwezi wakaweka hatari zake: mwezi wa palizi, akina mama wapimwe uzito na damu, mwezi wa kupulizia, atropini ihakikiwe stoo, mwezi wa kukausha mahindi, elimu ya sumukuvu itolewe mnadani, mwezi wa mizani, na ule wa njaa, maswali mawili ya mawazo yaulizwe kwa kila mgonjwa. Mkulima naye akifika kituoni ataje bila kungoja kuulizwa alichokuwa akikifanya shambani wiki hiyo, na ikiwezekana aje na lebo ya alichopulizia.

Karatasi hiyo haihitaji bajeti mpya. Inahitaji mhudumu ambaye, baada ya kumuuliza mgonjwa anaumwa nini, atamuuliza pia shamba limefikia wapi. Ni swali jepesi, la kijirani, lisilomtia mtu aibu. Huenda jibu likaanza na mvua iliyochelewa, likapita kwenye deni la pembejeo, na kufika mwisho kwenye usingizi uliopotea tangu mwezi uliopita. Na hapo tiba itakuwa imeshaanza.